Vifupisho vya bodi za prosesa vinanichanganya, naombeni msaada

mgeni_bodini:
Wakuu habari zenu. Mimi nimezoea kuandika programu za kawaida tu, juzi nimekabidhiwa bodi yenye prosesa ya ARM pamoja na skimatiki yake, yaani mchoro wa saketi, niiwashe, aisee humo ndani kila kona ni vifupisho, UART, SPI, I2C, JTAG, halafu wenzangu wakiongea ni SoC, SoM, BSP. Nimekariri virefu vyake vyote lakini nikishika bodi sijui kipi kinakaa wapi. Na hapa nimekwama kabisa, nimeunga sensa ya joto kwenye I2C, datashiti (maelezo ya mtengenezaji wa chipu) inasema anwani ni 0x90, naita hakuna anayejibu, waya nimekagua mara tatu. Nianzie wapi?

fundiwaya:
Mkuu achana na kukariri, hesabu waya. UART, SPI na I2C zote ni njia za chipu kupeana data. UART data ni waya mbili, TX na RX, na graundi, na TX ya huku inaingia RX ya kule, hapo wengi wanakosea. Haina waya ya kloki, yaani ya mapigo ya kupanga muda, kwa hiyo pande zote lazima zipatane kasi mapema, mara nyingi 115200, kasi zikipishana unaona herufi za ajabu ajabu kwenye skrini. SPI ni nne, kloki, data ya kwenda, data ya kurudi, na CS ya kuchagua chipu ipi inaongeleshwa. I2C ni mbili tu, SDA na SCL, waliianzisha Philips mwaka 1982, na hapo chipu nyingi zinatumia waya zilezile kila moja na anwani yake.
Sasa tatizo lako, chipu za I2C zinaweza kuvuta waya ishuke tu, hazina uwezo wa kuipandisha, kazi ya kupandisha ni ya resista zinazotoka kwenye volti 3.3. Shika mita, pima SDA na SCL bodi ikiwa imetulia, utuambie unaona nini.

rejista32:
Naongezea, hiyo 0x90 pia ina shida. Anwani ya I2C ni biti 7, datashiti nyingine zinaiandika pamoja na ile biti ya kusoma au kuandika, ukiiondoa biti hiyo, 0x90 inakuwa 0x48. Jaribu hiyo.
SoC ni chipu moja yenye prosesa na vidhibiti vya memori, USB na mengine humohumo. SoM ni kibodi kidogo kilichobeba hiyo SoC na RAM na saketi za umeme, unakichomeka kwenye bodi kubwa. BSP usiitafute kwenye skimatiki kabisa, hiyo ni programu, yaani butiloda (inayoanza bodi ikiwashwa) na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) iliyorekebishwa kwa bodi yako. JTAG wengi tunaijua kwa kudibagi, yaani kusaka makosa ya programu, ila ilianza kama njia ya kupima kama pini zimelehemwa sawasawa, ikawa kiwango cha IEEE 1149.1 mwaka 1990. SWD ni ya ARM, kazi ya kudibagi ileile kwa waya mbili.

mgeni_bodini:
Nimepima, SDA na SCL zote ziko karibu na sifuri! Kwenye skimatiki resista zipo, R17 na R18, ila pembeni zimeandikwa DNP, mimi nilidhani ni aina ya resista.

fundiwaya:
Umeipata hiyo. DNP maana yake isiwekwe, yaani nafasi imechorwa lakini kiwandani wameiacha tupu. Angalia kwenye bodi utaona pedi mbili mbili hazina kitu juu. Lehemu resista ya 4.7k (ohm 4700) kila nafasi, hiyo inatosha kuanzia.

mgeni_bodini:
Jamani imejibu!! 0x48, na joto linasomeka, nikigusa sensa kwa kidole namba inapanda. Nimehangaika siku mbili kumbe ni herufi tatu sikuzielewa, asanteni sana kwa kweli. Halafu kuna pini kama sita zimeandikwa NC, nazo niziunge wapi?

rejista32:
Usiziunge popote. NC ni pini isiyounganishwa, iache hewani. Ila soma datashiti kwanza, kuna chipu pini hizo zina kazi ya ndani ya mtengenezaji na ukizipeleka graundi unaweza kuua chipu.