MREJESHO: Vijana na ibada

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza hapa tufanye nini vijana wa usharika wetu, Mbagala, wasiione ibada kama mzigo. Wengi mlisema tununue spika na kinanda kipya. Mmoja akashauri: wapeni zaburi waziombe kwa maisha yao.

Tukaanza na Zaburi ya 13, ile inayomuuliza Mungu hadi lini. Kijana wa bodaboda alisoma, helmeti kwapani. Katikati akakwama, akataja marejesho ya mkopo wa pikipiki. Kanisa kimya. Kisha mama mmoja nyuma akaanzisha pambio polepole, bila ala yoyote, wote tukaitikia. Nililia.

Spika tumeahirisha. Jumapili ijayo anasoma binti anayeuza mihogo kituoni, zaburi kachagua mwenyewe. Aliyeshauri, Mungu akubariki sana.