Simu za utapeli ughaibuni: namba ya kwenye skrini si ushahidi

Ndugu zangu,

Swali la namna ya kujikinga na simu za utapeli hurudi kila wanapoingia wageni wapya, kwa hiyo naliandika kwa urefu kidogo.

Jambo la kwanza, na ukilishika hili mengine hayatakusumbua sana: namba au jina linalotokea kwenye skrini simu inapoita halithibitishi chochote. Anayepiga kupitia intaneti anaweza kuweka namba yoyote anayotaka uione, iwe ya benki yako, ya polisi, ya uhamiaji au ya ubalozi. Ndiyo maana tapeli hukuambia bila wasiwasi, “Geuza kadi yako, linganisha namba iliyo nyuma na hii ninayokupigia.” Zitalingana. Hapo ndipo hunaswa hata watu makini, maana wamekagua kweli, ila wamekagua kitu kisicho na uzito.

Marekani, kampuni kubwa za simu zilitakiwa ziwe zimefunga mfumo wa kuthibitisha namba, STIR/SHAKEN, kufikia Juni 30, 2021. Kwenye baadhi ya simu utaona alama ya tiki. Tiki hiyo inasema namba haijaghushiwa, basi. Haisemi kwamba anayeitumia ni mtu mwema. Tapeli naye huweza kununua namba halali.

Kinachosaidia ni kukata simu na kupiga upya kwa njia uliyoichagua wewe: namba iliyo nyuma ya kadi, kwenye barua ya zamani, au kwenye tovuti uliyoiandika mwenyewe kwa vidole vyako. Usibonyeze namba iliyokupigia, na usikubali “nikuunganishe na ofisa wa polisi”, kwa sababu huyo ofisa amekaa kiti cha pili chumba hicho hicho. Uingereza kuna njia ya mkato: piga 159, utaunganishwa na benki yako, na benki nyingi kubwa zimo. Kama unatumia simu ya mezani, ngoja kidogo au piga kwa simu nyingine, maana laini huweza kubaki wazi kwa muda mfupi baada ya wewe kuweka mkono wa simu, na tapeli akawa bado yupo akikuigizia mlio.

Sisi wahamiaji tunatishwa kwa karatasi zetu. “Faili lako lina kasoro, lipa leo au utafukuzwa nchini.” USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, haipokei malipo kwa simu wala kwa kadi za zawadi. IRS, idara ya kodi ya huko huko, kwa kawaida huanza kwa barua ya posta. HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, haipigi simu kukutishia kukamatwa. Na tapeli kulijua jina lako kamili, anwani au tarehe ya kuzaliwa kusikushtue: taarifa hizo huvuja kwenye makampuni na kuuzwa kwa mafungu.

Anayekupigia akitaka kadi za zawadi, sarafu za kidijitali, au uhamishie pesa kwenye “akaunti salama”, mazungumzo yameisha. Njia hizo anazipenda kwa sababu moja, nayo ni kwamba pesa ikishatoka ni vigumu sana kuirudisha. Kadi ya zawadi haihitaji hata kutumwa. Ukimsomea tarakimu za nyuma, ameshaila.

---

Re: Simu za utapeli ughaibuni

Asante mtoa mada. Naongeza mbili.

Kuna bipu. Simu inaita mara moja inakatika, na sisi tumelelewa kwamba ukibipiwa unapiga. Namba inaanza na +1 kama za Marekani, kumbe 876 ni Jamaica, 473 ni Grenada, 268 ni Antigua na Barbuda. Ukipiga unatozwa kama simu ya nje, na nyingine zina tozo ya juu zaidi inayogawiwa aliyekubipu. Ndiyo maana ukipiga unasikia muziki au mtu anakuambia usubiri: kila dakika ni faida yake. Usipige. Mwenye shida na wewe ataacha ujumbe.

La pili ni baya zaidi na halizungumzwi sana: kuhamisha simu zako. Mtu anajifanya fundi wa kampuni ya simu, anakuomba ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli. Umeshaelekeza simu zako zote kwake. Kisha anaanza kufungua WhatsApp kwa namba yako na kuchagua atumiwe namba ya uthibitisho kwa simu ya sauti. Simu hiyo inamfikia yeye, anaingia, na ndani ya muda mfupi anaomba pesa kwa ndugu zako wote akitumia picha yako. Kukagua: bonyeza *#21#. Kufuta uhamishaji wote: ##002#. Kampuni nyingi zinazotumia mfumo wa simu wa GSM zinakubali, japo si zote; ikigoma, piga huduma kwa wateja. Halafu fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke PIN ya tarakimu 6. Bila hiyo PIN, namba ya uthibitisho peke yake haimtoshi.

Wengine hawahangaiki na hayo yote. Wanakuomba tu uwasomee tarakimu “zilizokuja kwako kimakosa”. Haziji kimakosa.

---

Re: Simu za utapeli ughaibuni

Kaka hapo juu umenitangulia. Mimi nasemea laini yenyewe. Mtandao ukipotea ghafla mahali unaposhika siku zote, na kuzima na kuwasha hakusaidii, usilale ukingoje kesho. Inawezekana namba yako imehamishiwa laini nyingine, na SMS za benki zinaingia huko. Tafuta simu ya mtu, piga kampuni yako, kisha benki. Uingereza, ukipokea PAC, yaani msimbo wa kuhamishia namba kampuni nyingine, ambayo hukuiomba, ujue kuna anayejaribu kuihamisha namba yako. Marekani, omba kampuni ikufungie namba isihame bila idhini yako; huduma hiyo ipo, lakini mara nyingi ni wewe wa kuiwasha.

Kuhusu orodha za kukataa simu za matangazo, jiandikisheni, lakini msitegemee makubwa. Ile ya Marekani, donotcall.gov, ipo tangu 2003, ni bure na usajili hauishi muda. Inawazuia wauzaji wanaotii sheria. Tapeli hatazami orodha. Faida yake nyingine ni hii: baada ya siku 31 tangu ujiandikishe, muuzaji usiyemjua akikupigia bado, ameshajionyesha tabia yake. SMS za ovyo zipelekeni 7726, inafanya kazi Marekani na Uingereza.

Kwenye iPhone kuna kipengele cha kunyamazisha namba usizozihifadhi. Kinatuliza kichwa kweli, ila hospitali, shule ya mtoto na mwajiri mpya nao huangukia humo. Ukikiwasha, hakikisha kisanduku cha ujumbe wa sauti hakijajaa.

---

Re: Simu za utapeli ughaibuni

Swali fupi: ikiwa pesa imeshatoka?

---

Re: Simu za utapeli ughaibuni

Dada, kwanza benki, saa hiyo hiyo, kabla ya polisi na kabla ya kumwambia mtu yeyote. Sema wazi kwamba umetapeliwa na uombe malipo yasimamishwe. Kama ni kadi ya zawadi, piga kampuni iliyoitoa. Tunza kadi na risiti.

Uingereza, tangu Oktoba 7, 2024, benki zinatakiwa kurudisha pesa uliyodanganywa ukaihamisha ndani ya nchi kwa Faster Payments (mfumo wa Uingereza wa kuhamisha pesa papo hapo), hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi, na una miezi 13 ya kudai. Zinaweza kukata hadi pauni 100, na uzembe mkubwa unaweza kukunyima haki hiyo. Pesa iliyotumwa nje ya nchi haimo, na hilo linatuhusu sana. Marekani sheria inatofautisha: tapeli akiingia kwenye akaunti yako akahamisha mwenyewe, una ulinzi mzuri zaidi kuliko ukibonyeza “tuma” kwa mkono wako. Kwa hiyo eleza kwa usahihi nani alibonyeza.

Kama alikupakulisha AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kifaa chako kutoka mbali, zima intaneti ya kifaa hicho kwanza, ondoa programu, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine. Kama ulimtajia namba ya Social Security (namba yako ya utambulisho Marekani), funga taarifa zako za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, moja moja. Ni bure tangu Septemba 2018.

Halafu tarajia simu ya pili. Baada ya wiki kadhaa atapiga “wakili” au “mpelelezi” anayeweza kukurudishia pesa kwa ada ndogo ya mwanzo. Ni wale wale, au wamewauzia wenzao jina lako.