Rejeta ndogo kwa Starlet ya mashindano: alumini nene, nusu ya Civic, au shaba?

Vumbi la Bahi
Wakuu, habari za Jumapili. Nina Starlet EP82, injini 4E-FTE, naiandaa kwa mashindano ya barabara za vumbi. Intakula (kipoza hewa ya turbo) nimeitoa juu ya injini nikaihamishia mbele, sasa rejeta yake ya asili haina pa kukaa. Nimebana ndogo ya kuazima. Juzi natoka Hombolo mshale ukanusa nyekundu, nikaegesha chini ya mbuyu nusu saa nzima, boneti wazi, watoto wa pale wananiuliza kama nauza maji ya moto.
Nachagua kati ya tatu: alumini mpya nene ya milimita 50 ambayo maji yanapita mara mbili; ile nusu ya Honda Civic, yaani rejeta yake fupi ya upana wa nusu, mtumba; au nimpe fundi anitengenezee ya shaba kwa kipimo changu. Ipi?

Fundi Gesi
Shaba peke yake inapitisha joto karibu mara 1.7 ya alumini, ndiyo maana wazee hawataki kusikia kingine. Ila rejeta haijengwi kwa shaba tupu. Mapezi, vile vibati vyembamba, yameshikwa kwenye mirija kwa risasi ya kulehemu, na hapo joto linakwama. Alumini inakubali mirija mipana inayogusa mapezi mengi zaidi, na ni nyepesi. Kwangu shaba ina sifa moja kubwa: ikitoboka porini, fundi yeyote mwenye kifaa cha kulehemu anakufaa. Alumini ikipasuka utatafuta mwenye mashine ya kulehemu kwa gesi ya agoni.

Mtoto wa Kizota
Nusu ya Civic nimeitumia misimu miwili kwenye gari jepesi kama lako. Inatosha kama haina matope ndani na feni ni nzima. Angalia matanki ya plastiki, yakizeeka yanapasuka pale yanapobanwa na alumini. Ukiona rangi imekuwa ya kahawia na plastiki ina nyufa kama za kucha, mrudishie muuzaji.

Zabibu Chungu
Hata usinunue kitu. Toa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto, yaishe. Ila maji yasiende kasi mno, yakikimbia hayapati muda wa kupoa.

Dada Gia
Kaka Zabibu, hilo la maji kukosa muda tunalisikia kila gereji na si kweli. Yakizunguka haraka yanarudi haraka kupoa tena, na rejeta nzima inabaki ya moto, hapo ndipo inapotoa joto vizuri. Tena kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayofunga njia ya pembeni, ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta.

Sasa Vumbi. Milimita 50 zinavutia macho, lakini hewa ikifika nusu ya unene imeshapata moto, nusu ya nyuma inaambulia makombo. Unene unalipa ukiwa na kasi. Wewe kwenye mchanga, gia ya pili, unategemea feni. Kama nafasi ipo, nyembamba yenye uso mpana inaishinda. Hiyo ya kupita mara mbili nayo inaongeza ukinzani, pampu ikiwa imechoka faida yote inaliwa.

Halafu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Maji ya wazi hapa Dodoma yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko usioshika presha utakuumbua mapema. Na usijaze maji ya bomba: yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika ndiyo hayo hayo yatakayoganda kwenye mirija. Weka maji ya betri pamoja na kulanti (dawa ya rejeta).

Fundi Gesi
Kulanti isizidi lakini. Glikoli iliyomo ikiwa nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko unabeba joto kidogo kuliko maji. Huku hakuna barafu, weka kiasi cha kuzuia kutu tu.

Vumbi la Bahi
Nimerudi. Leo nimeshusha bampa niwapigie picha, nikakuta vumbi limenichorea ramani. Pembeni mwa rejeta, kwenye pengo linaloingia vidole vinne, kuna michirizi myekundu imepita moja kwa moja hadi kwenye betri. Juu pia. Mapezi ya katikati karibu masafi! Hewa yote ilikuwa inaizunguka rejeta.
Nimenunua bati la alumini la milimita 1, na raba ya mlango kutoka kwenye gari bovu la jirani. Naziba pande zote nne kuanzia intakula hadi rejeta. Nimechukua nusu ya Civic. Mfuniko wa presha ya bar 0.9 uliopo nabadilisha niweke wa 1.1, au?

Dada Gia
Ziba kwanza, urudi Hombolo na mfuniko huo huo. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichokuponya.

Fundi Gesi
Na kabla ya 1.1, hosi mpya. Ya hita usiisahau, nayo hupasuka.