Mjadala: Filamu ya Mwirani aliye ughaibuni, tuihesabu ya Iran?

Mla Urojo (mleta mada)

Wakuu, naleta hili tulijadili bila kutukanana. Mei 2025 mwongozaji Jafar Panahi alitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, kwa It Was Just an Accident. Kaishuti Iran humohumo bila kibali cha serikali, waigizaji ni Wairani, lugha ni Kifarsi. Ilipofika zamu ya Oscar ya filamu za nje, ambako kila nchi hupeleka filamu moja, aliyeipeleka ni Ufaransa. Mwaka mmoja nyuma Ujerumani ilifanya vivyo hivyo na The Seed of the Sacred Fig ya Mohammad Rasoulof, iliyoshutiwa kwa siri Iran kabla mwenyewe hajatoroka kwa miguu kupitia milimani, ameshahukumiwa miaka 8 na viboko juu.

Haya, hizo weka pembeni. Kuna Holy Spider ya 2022. Mwongozaji wake, Ali Abbasi, ni Mwirani aliyeweka maskani Denmark. Hadithi ni ya muuaji wa makahaba wa Mashhad, lakini Mashhad unayoiona ni Jordan. Kuna Women Without Men ya Shirin Neshat, iliyompa tuzo ya Simba wa Fedha tamasha la Venice mwaka 2009. Tehran ya mapinduzi ya 1953 ilishutiwa Casablanca. Kuna ya vampaya wa kike mwenye buibui, ya 2014, watu wanazungumza Kifarsi tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mtaa unaouona uko California.

Matamasha yanazitia zote hizi kapu moja na kuandika juu yake "Sinema ya Iran". Mimi nasema si sawa, na anayeumia ni aliyebaki nyumbani akipanga foleni ya kibali Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu. Tamasha lina nafasi mbili tatu tu za nchi kama ile. Mpanga ratiba akiletewa filamu ambayo mwongozaji wake amevuka mpaka usiku, na nyingine ya ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao Isfahan, sote tunajua ipi itabaki mlangoni. A Separation ya Asghar Farhadi ilichukua Dubu wa Dhahabu Berlin 2011 na Oscar 2012, na ilikuwa na kibali. Ndani yake kuna mke na mume wanaoachana, mzee aliyepoteza kumbukumbu, na mwanamke anayeogopa kuapa uongo juu ya Kurani. Hiyo scene ya kiapo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa na yeyote. Ingeletwa leo, naona wangeuliza kwanza mwongozaji amefungwa lini.

Kijana wa Kariakoo

Filamu ni ya mwenye hela, mkuu. Ujerumani kaweka hela, kapeleka filamu yake. Mengine ni hisia tu.

Bi Makadara

Kariakoo, hebu ngoja. Oscar hawampokei mwongozaji, wanapokea filamu iliyoteuliwa na kamati ya nchi, na filamu lazima ionyeshwe kwenye ukumbi wa biashara siku 7. Panahi alihukumiwa 2010 kifungo cha miaka 6 na kuzuiwa kutengeneza filamu miaka 20. Wewe unadhani kamati ya Tehran ingempigia simu? Aliipitia Paris kwa sababu ndiyo njia iliyobaki wazi.

Na sisi Wakenya hili limetupata. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, 2018, na bodi yetu ya filamu ikaipiga marufuku mwaka huohuo. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku 7 tu, ili itimize lile sharti la Oscar. Kumbi Nairobi zikajaa. Mwishowe kamati ikateua nyingine, Supa Modo, ambayo nayo ni filamu nzuri sana, simchukii mtu. Lakini angetokea mtu wa Berlin akatuambia Rafiki si ya Kenya kwa vile bodi imeikataa na fedha nyingi zilitoka nje, tungemkalia kooni. Mbona Mwirani unampimia kwa kibaba kingine?

Muscat Kwetu

Salaam aleikum jamaa zangu. Nimezaliwa Muscat, wazee wangu wa Unguja, na filamu za Iran nazitazama tangu utotoni. Mla Urojo, kuna jambo umelipita. Sheria yao inataka mwanamke kwenye filamu afunike nywele hata akiwa kwake, mbele ya mumewe, hata akiwa kitandani. Basi kila filamu yenye kibali inaanza na uongo mmoja ambao kila mtazamaji wa Tehran anaujua. Marehemu Abbas Kiarostami, mwongozaji mkubwa wa Iran, alikuwa akiikwepa hali hiyo. Ndiyo sababu mojawapo filamu zake nyingi ziko barabarani, ndani ya gari, au na watoto wa shule. Tunausifu huo kama mtindo, na kweli ni mtindo, ila umezaliwa na ukuta.

Sasa tazama My Favourite Cake ya Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha, Berlin 2024. Bibi mjane wa miaka 70 yuko nyumbani kwake Tehran, kichwa wazi kama bibi yeyote akiwa peke yake. Haina mateso wala mtu aliyetoroka. Bibi anatafuta mwenza, basi. Wenyewe walinyang'anywa pasipoti, Berlin hawakufika. Kwa mujibu wa mada yako filamu hii iko wapi? Kibali haina, ughaibuni haiko, na ni ya Iran kuliko nyingi zenye mihuri.

Mla Urojo

Shekhe, hiyo ni ya Iran bila swali, na Panahi naye sina ugomvi naye. Alimaliza Cannes akapanda ndege kurudi Tehran. Ninayemsema ni aliyeondoka zamani, anayeishuti nchi kwa kumbukumbu, kisha filamu yake inachukua kiti cha waliobaki. Holy Spider nimeitazama. Zar Amir Ebrahimi, aliyeikimbia Iran 2008, alistahili ile tuzo ya Cannes ya mwigizaji bora wa kike. Ila Denmark iliipeleka Oscar kama ya Denmark, na hapo nawapa hongera, walikuwa wakweli kuliko matamasha.

Bi Makadara

"Waliobaki" unaowatetea nao hawako salama kama unavyofikiri. Farhadi unayemtaja: A Separation yenyewe ilisimamishwa kwa muda 2010, katikati ya kazi, kwa sababu alisema hadharani maneno ya kuwatetea wenzake, Panahi akiwamo. Saeed Roustaee alipata kibali cha kutengeneza Leila's Brothers, akaipeleka Cannes 2022 bila ruhusa ya kuionyesha, na 2023 akahukumiwa miezi 6, sehemu kubwa ikiwa ya kuahirishwa. Wewe umechora mstari kati ya wenye kibali na wasio nacho. Wenyewe wanauvuka kila wiki, mara nyingine bila kutaka.

Kijana wa Kariakoo

Halafu ubalozi ukipiga simu? 2007 tamasha la Bangkok liliiondoa Persepolis kwenye ratiba baada ya Iran kulalamika. Na hiyo ni katuni, ya mwanamke wa Kiirani aliyekuwa akiishi Paris! Kama si ya Iran, Iran ililalamika nini?

Mla Urojo

Hapo Kariakoo umenena, mara hii si hela tu. Ila serikali kukasirika hakuifanyi filamu kuwa ya nchi. Serikali hukasirikia hata habari za BBC.

Ngoja niseme ninachotaka hasa. Tuna tamasha letu Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa kwa jina la Nchi za Jahazi. Iran imo humo kwa haki ya bahari, si kwa huruma ya mtu, na nusu ya Pwani hii inajinasibu na Shiraz. Ikiletwa filamu pale Ngome Kongwe, kijitabu cha ratiba kiseme wazi: imeshutiwa wapi, fedha za nani, ilikuwa na kibali au haikuwa nacho. Mistari mitatu. Mtazamaji ajue anaiangalia Tehran au anaiangalia Amman ya Jordan.

Muscat Kwetu

Mistari hiyo mitatu inaweza kumfunga mtu. Rasoulof alipofika Cannes 2024 alipanda zulia jekundu ameshika picha za waigizaji wake wawili, Missagh Zareh na Soheila Golestani, kwa kuwa wao hawakuweza kutoka. Watu wa ile filamu walihojiwa na kubanwa ili wamshawishi aiondoe kwenye tamasha. Na wewe unataka uwaandikie hati ya mashtaka, kwa Kiswahili na Kiingereza?

Mla Urojo

Usalama wa kule hausubiri kijitabu cha Unguja kujua nani kaigiza nini, shekhe. Kama ulivyosema, waliwahoji kabla ya Cannes. Lakini kwa filamu ambayo majina yamefichwa kwa makusudi, sawa, yafichwe na sisi. Mahali iliposhutiwa na fedha za nani viandikwe.

Muscat Kwetu

Hapo tumekaribiana. Basi nijibu moja. Universal Language ya 2024, ya Matthew Rankin. Yeye ni Mkanada wa Winnipeg, si Mwirani. Winnipeg ya kwenye filamu imejaa theluji na bata mzinga, na watu wote wanazungumza Kifarsi, mpaka mabango ya dukani. Imejaa kumpenda Kiarostami. Kanada ikaipeleka Oscar. Kapu gani?

Mla Urojo

Ya Kanada. Na ningefungulia nayo tamasha.