Yule mama wa Kijerumani aliyechukua Dakar 2001, alishinda kihalali au alibebwa?

MkaziWaSinza
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni kwetu hapa Sinza kumetokea ubishi mpaka kahawa imepoa kwenye vikombe, naomba wenye kujua mbio za magari mnisaidie. Iko hivi, mdogo wangu wa kike kamaliza form four na anataka kusomea ufundi magari VETA, mzee nyumbani hataki kusikia, anasema gari ni kazi ya wanaume. Mi nikamtolea mfano wa Jutta Kleinschmidt, yule Mjerumani aliyeshinda Dakar, zile mbio ndefu za jangwani za magari na pikipiki. Jamaa mmoja pale akadakia akasema yule hakushinda, alipewa, wenzake walipigwa penati ndo akapita. Nikakosa jibu mbele ya mzee, na iliniuma kwa kweli. Sasa naomba kujua, ilikuwaje mwaka ule? Na huyu mama alizaliwa kwenye familia ya mbio au alianzaje?

fundi_gerezani
Mkuu karibu. Nianze na la pili maana ndo litamsaidia mdogo wako. Huyu mama hakuanza utotoni kama hawa wa Formula 1 wanaowekwa kwenye vigari wakiwa na miaka 6. Kazaliwa Cologne mwaka 1962, akasomea fizikia, akaajiriwa BMW kwenye uhandisi, yaani alikuwa mtu wa ofisini na karakana kama mhandisi mwingine yeyote. Mbio zenyewe kaingilia kwenye pikipiki, Dakar yake ya kwanza ni 1988 na alikuwa na miaka 25, na hakumaliza. Akarudi. 1992 mbio zilipotoka Paris mpaka Cape Town alizimaliza akiwa juu ya pikipiki, hebu fikiria Sahara na misitu ya Kongo juu ya pikipiki. Baadae ndo akahamia magari, akaendesha yale mabagi (magari mepesi ya mchangani) ya Mfaransa Jean-Louis Schlesser, na 1997 akawa mwanamke wa kwanza kushinda hatua ya siku kwenye Dakar. 1999 akamaliza wa 3 kwa jumla akiwa na Mitsubishi.

Kwaio ilipofika 2001 hakuwa mgeni, alikuwa na zaidi ya miaka 10 anameza vumbi la jangwani. Na mi kama fundi nakwambia ile elimu yake ilimbeba kuliko mguu wa kukanyaga mafuta, kule gari ikigoma katikati ya mchanga hamna fundi wa kumpigia simu, unashuka mwenyewe na spana. Dereva anayesikia shokapu inalalamika akapunguza mwendo mapema anafika, asiyesikia analala jangwani.

Mzee wa Data
Fundi umeongea vizuri ila aliyebisha kijiweni nae ana hoja, tusimnyime. 2001 aliyekuwa anaongoza mpaka siku moja kabla ya kumaliza ni Mjapani Hiroshi Masuoka, nae alikuwa na Mitsubishi Pajero kama huyo mama. Siku ile ya pili kutoka mwisho Schlesser na mwenzake Servia waliondoka kabla ya dakika zao za kuanza walizopangiwa, wakamtangulia Masuoka makusudi. Masuoka akajikuta nyuma ya Servia anakula vumbi, akaona atachelewa, akatoka nje ya njia ili apite, akagonga na gari ikavunjika nyuma. Pale ndo uongozi ulipotea. Waamuzi wakampiga Schlesser penati ya saa 1 nzima, na bila ile penati Schlesser ndo angekuwa bingwa. Jutta akapanda juu, akamaliza mbele ya Masuoka kwa dakika 2 na sekunde 39 tu baada ya mbio za wiki 3 kutoka Paris. Mi binafsi Masuoka namuonea huruma mpaka leo, aliendesha vizuri kuliko wote mwaka ule.

dada_wa_semi
Mzee wa Data heshima yako, ila hapo kwenye hoja ya kubebwa sikubaliani kabisa na ntasema kwa nini. Mi naendesha semi, Dar Tunduma, mwaka wa 7 huu. Safari haihesabiwi kwa nani alikuwa mbele Mikumi, inahesabiwa kwa nani kafika na mzigo mzima. Pale mlima Kitonga nimeshaona madereva wazuri kunizidi, wanaume wana miaka 20 barabarani, foleni imemchosha, kuna lori bovu mbele linatambaa, anasema ngoja niovateki hapahapa kwenye kona, na safari yake inaishia palepale. Aliyemchelewesha ana makosa, sawa, lakini uamuzi wa kutoka kwenye njia ni wa kwake mwenyewe. Masuoka alichokozwa kweli na waliomchokoza wakaadhibiwa, ila Jutta hakumchokoza mtu, hakuondoka kabla ya muda wake, hakuvunja gari. Angekuwa nyuma kwa masaa mawili hata hizo penati zisingemsaidia, si ndio? Ili ukae karibu kiasi kile baada ya wiki 3 lazima uwe umeendesha vizuri kila siku iliyopita, siku ambazo hamna kamera inakuangalia.

Na hili la "alipewa" nalijua mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilifika Tunduma mapema kuliko kaka mmoja tuliyetoka nae Ubungo, yeye alipasua tairi mbili njiani kwa kukimbia na tairi kipara. Mzani mzima ukasema nimebahatika. Tairi zangu nilizikagua mwenyewe usiku kabla ya kuondoka, na utingo wangu shahidi. Hiyo sio bahati jamani.

fundi_gerezani
Dada umemaliza. Niongezee tu kitu cha mchanga maana watu wanadhani ni kukanyaga mafuta. Ukifika kwenye vilima vya mchanga unatoa upepo kwenye tairi ili ilale, ikamate eneo kubwa isizame, ukirudi kwenye mawe unajaza tena, usipojaza rimu inakatika. Hayo maamuzi ni mara nyingi kwa siku moja, na ukikosea moja unatoa chepe unachimba juani. Ndo maana wanaenda wawili, dereva na msoma ramani. 2001 alikuwa na Andreas Schulz, Mjerumani mwenzake.

Mzee wa Data
Dada wa semi nimekuelewa na hoja yako nimeipokea. Kwa haki niseme na yaliyofuata, 2002 Masuoka alishinda na Jutta akawa wa 2, kwaio kwenye mbio safi bado alikuwa palepale juu. 2005 akamaliza wa 3 na Volkswagen Touareg ya dizeli, na msoma ramani wake alikuwa mwanamke mwenzake, Muitaliano Fabrizia Pons. Mtu wa kubebwa mara moja harudi hivyo. Na mpaka leo hamna mwanamke mwingine aliyechukua ushindi wa jumla wa magari Dakar. Alafu 2021, mbio za magari ya umeme za Extreme E zilipofanyika Senegal kule Lac Rose ambako Dakar ilikuwa inamalizikia, dereva mmoja wa kike aliugua, wakamuita Jutta akaziba nafasi akiwa na miaka 58.

MkaziWaSinza
Wakuu Mungu awabariki. Nimemsomea mzee yote, kwenye la fizikia na BMW alikaa kimya muda mrefu, alafu akauliza huyo dada wa semi anaendesha kweli au anasema tu. Nikamwambia miaka 7. Hajasema ndio bado ila hajasema hapana. Mdogo wangu yeye kashika la kutoa upepo tu, anataka kujua unajuaje umetoa wa kutosha.

fundi_gerezani
Kuna geji ya kupimia, ila jicho nalo linajifunza. Mlete Jumamosi asubuhi gereji, aje na mzee kabisa. Aje na nguo za kuchafua, kuna Pajero ya mteja inashushwa shokapu zote nne.