Asidi na besi zimelingana, mbona pH haikusimama kwenye 7?

Mwanafunzi wa Katuba
Salamu kwenu nyote. Jana, katika maabara ya shule yetu hapa Lubumbashi, tulitia chupani mililita 20 za asidi ya siki yenye molu 0.1 kwa lita (molu ni kipimo cha idadi ya chembe), tukaidondoshea soda kali, ambayo ni besi, ya ukolezi uleule kutoka kwenye bureti, ile mirija yenye alama na koki, hadi zikaisha mililita 20. Nilitazamia kubaki na chumvi na maji tu, yaani pH ya 7, isiyo ya asidi wala ya besi, lakini kipimo cha pH kilionyesha 8.7, upande wa besi. Je, tulizidisha soda?

Mwalimu wa Kamalondo
Hamkuzidisha, mwanangu. Kilicholingana ni hesabu ya molu, si nguvu. Soda kali ikiingia majini huachanisha ioni zake zote, ilhali asidi ya siki ni bahili: katika myeyusho wenu wa mwanzo, kati ya molekuli 100, ni kama moja tu iliyokuwa imeachia haidrojeni yake. Haidroksidi ya soda huzinyang'anya zilizobaki, maji yakapatikana. Lakini ioni ya asetati, yaani masalia ya asidi iliyoporwa hivyo, haitulii, nayo huyageukia maji yenyewe na kuyachukulia haidrojeni kidogo, na kila inapofanikiwa huacha nyuma haidroksidi moja, inayopandisha pH. Hizo ndizo mlizozipima. Rudieni kwa asidi ya haidrokloriki, ambayo huachia haidrojeni zake zote, mtapata 7. Asidi hiyohiyo mkiilinganisha na amonia, besi dhaifu, ya molu 0.1, mtashuka hadi karibu 5.3.

Mama Maabara
Mwalimu amesema kweli, ila hakuuliza mlitia rangi gani ya kuonyesha mwisho, na hapo ndipo wengi hupotea. Heliantini, mojawapo ya rangi hizo, hutoka kwenye wekundu ikawa njano kati ya pH 3.1 na 4.4, kwa hiyo kwenye siki yenu itakuwa imemaliza kugeuka kabla ya mililita 7; mimi mwenyewe iliwahi kunipotezea asubuhi nzima. Tumieni fenolfthalini, ambayo haina rangi hadi pH ya karibu 8.2, kisha huwa waridi. Mkikaribia mwisho, tone linaloning'inia mdomoni mwa bureti msilingoje lianguke: liguseni na ukuta wa chupa, mlisuuze kwa maji safi, mkome mara waridi hafifu linapogoma kutoweka.

Mwanafunzi wa Katuba
Asante Mwalimu, asante Mama. Ilikuwa heliantini kweli, na iligeuka mapema mno hata tukadhani siki imeharibika, ndiyo maana tukaazima kipimo. Jumatatu tunarudia.