Mjadala: Milioni 17 kwa Kaprizov ni bei halali au Minnesota wamejifunga?

Mwanamaji
Wakuu, tuliweke mezani hili. Minnesota Wild, timu ya hoki ya barafu kwenye ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, wamempa nyota wao Kirill Kaprizov mkataba mpya wa miaka 8, dola milioni 136, yaani milioni 17 kwa mwaka kuanzia msimu wa 2026-27. Wakati anasaini, hakuna mchezaji wa NHL aliyekuwa amewahi kufika hapo. Wanaomtetea wanasema tusitazame dola, tutazame kikomo cha mishahara: msimu wa 2024-25 kila timu iliruhusiwa milioni 88, wa 2025-26 milioni 95.5, unaofuata 104, kisha 113.5 mwaka 2027-28.

Haya, nimetazama. 17 kwa 104 ni asilimia 16.3. Connor McDavid wa Edmonton alipoanza mkataba wake wa milioni 12.5 mwaka 2018 kikomo kilikuwa 79.5, akachukua asilimia 15.7. Nyota wengine wa ligi: MacKinnon alianza na 15.1, Matthews vilevile 15.1, Draisaitl 14.7. Hao wote wanne wana tuzo ya Hart, ya mchezaji bora wa msimu, kabatini. Kaprizov hana hata moja, na ni winga, si senta (mchezaji wa kati). Kwa hiyo hata kwa asilimia ameuzwa ghali. McDavid huyohuyo amesaini tena kwa 12.5 ileile. Huyu mwingine ni tamaa tu.

Shomari wa Kaskazini
Mkuu, hilo neno tamaa lifute. Kwa mujibu wa mkataba wa ligi na chama cha wachezaji, wachezaji wote kwa pamoja wanapata nusu ya mapato ya hoki. Sehemu ya mishahara hushikiliwa kila msimu kama amana. Mishahara ikizidi ile nusu, wenye timu wanarudishiwa kutoka humo. Mwenye timu hafilisiki kwa sababu ya Kaprizov. Na sheria inamruhusu mchezaji mmoja kuchukua hadi asilimia 20 ya kikomo. Asilimia 20 ya 104 ni milioni 20.8. Kaacha milioni 3.8 kila mwaka mezani, halafu mnamwita mroho?

Nyota ya Edmonton
Kama kuacha 3.8 ni sifa, basi McDavid aliyeacha 8.3 aitweje? Ndiye mchezaji bora duniani na amechukua asilimia 12 tu ya kikomo ili timu ipate wenzake wa kushinda kombe. Mwanamaji kasema kweli.

Shomari wa Kaskazini
Amesaini miaka miwili, dada. MIWILI. Mkataba unaisha kiangazi cha 2028 akiwa na miaka 31, anaingia sokoni wakati kikomo kimeshapita 113.5. Hapo asilimia 20 ni zaidi ya milioni 22. Kaprizov, ambaye ni wa umri uleule, kafunga bei yake kwa miaka 8 na hatapata nyongeza hata kikomo kikifika 150. Hizo ni biashara mbili tofauti: mmoja kauza muda mrefu kwa bei kubwa, mwingine kauza muda mfupi kwa bei ndogo ili abaki na uhuru wa kuondoka. Na hizo alizoacha McDavid zinakwenda wapi? Zinasaidia kubeba milioni 9.25 za Darnell Nurse, beki wa Edmonton, hadi 2030.

Nyota ya Edmonton
Nilijua utamleta Nurse, ndiyo hoja ya kila asiyeijua Edmonton. Nurse alianza na asilimia 11.2 wakati kikomo kilikuwa 82.5. Msimu wa 2027-28 milioni zake zilezile zitakuwa kama asilimia 8. Beki anayebeba dakika ngumu kila usiku kwa asilimia 8 si kashfa tena.

Kipanga
Mkataba mbaya hauponi kwa sababu kikomo kimepanda. Maumivu yanapungua, basi. Swali la kujiuliza ni hili: Nurse angekuwa huru leo, kuna timu ingempa 9.25? Kama hakuna, ile tofauti kati ya 9.25 na bei yake ya leo ni hasara mpaka siku ya mwisho.

Fundi Hesabu
Tumeshahama kwenye mada, lakini Kipanga amegusa penyewe: bei ya leo. Mwanamaji, hesabu za namna hii huwa na kasoro tatu, zinazorudiwa kila mkataba mkubwa unaposainiwa. Moja umeiepuka, mbili umeingia.

Ya kwanza ni mwaka unaogawanyia. Wewe umetumia mwaka ambao mkataba unaanza, ambao ndio sahihi. Wengine hugawanya kwa kikomo cha siku ya kusaini. Kwa Kaprizov hiyo ni 95.5, inatoka 17.8. Mawakala hutumia ile inayowafaa, na mameneja vivyo hivyo. Ukilinganisha wachezaji wawili, hakikisha wote umewapima kwa kipimo kimoja, la sivyo unapata tofauti ya asilimia moja na nusu isiyokuwepo.

Ya pili, kikomo chote si fedha ya kutumia. Timu inabeba wachezaji 23 na kila mmoja ana mshahara wa chini kisheria. Kuanzia 2026-27 kima hicho ni dola 850,000. Zidisha kwa 23, unapata milioni 19.55 ambazo zimeshaondoka kabla meneja hajachagua lolote. Zinabaki 84.45. Kaprizov juu ya kima cha chini ni 16.15, ambayo ni asilimia 19.1 ya fedha ambayo meneja ana hiari nayo. Mfanyie McDavid wa 2018 hivyohivyo, kima cha chini kikiwa 650,000: inatoka 18.4. Yaani Kaprizov bado yuko juu, lakini si kwa umbali unaostahili kelele hizi.

Ya tatu ndiyo kubwa. Mkataba wa miaka 8 unaupima kwa mwaka wa kwanza pekee, wakati dola hazibadiliki na kikomo kinapanda. Chukua 104 na 113.5, ambazo zimeshatangazwa, halafu kwa miaka sita iliyobaki kadiria. Kikipanda asilimia 5 kwa mwaka, jumla ya vikomo vya miaka 8 ni kama milioni 1,028, na 136 ni asilimia 13.2 ya hiyo. Kikipanda 3, jumla ni kama 974 na sehemu yake ni 14. Weka namba zote mbili, usichague moja. Kisha mlinganishe na aliyesaini kwa soko lilelile: Eichel wa timu ya Vegas, miaka 8 kwa milioni 13.5 kwa mwaka, naye anaanza 2026-27. Tofauti ni milioni 3.5 kwa mwaka. Hilo ndilo swali lenye faida: je, Kaprizov anaizidi thamani ya Eichel kwa kiasi cha mshahara wa winga mmoja wa mstari wa tatu, yaani mchezaji wa kawaida?

Kipanga
Asilimia 5 umeitoa wapi, Fundi? Toronto nao walikuwa na hesabu nzuri hivyohivyo. Wachezaji wao wanne, kwa milioni kwa mwaka: Tavares 11, Matthews 11.6, Marner 10.9, Nylander karibu 7. Wote walisainiwa kati ya 2018 na 2019, wakati kila mtu akiamini kikomo kitapanda. Ikaja korona, kikomo kikaganda kwenye 81.5 misimu mitatu mfululizo, halafu kikapanda kwa milioni moja moja. Watu wanne wakawa wanakula nusu ya bajeti. Kila kiangazi wanaondoka mabeki, kila kiangazi wanaokota kipa wa bei rahisi. Makadirio yakivunjika hakuna wa kukurudishia.

Fundi Hesabu
Ndiyo maana nimeweka 3 na 5 pamoja. Ongeza na sifuri ukitaka: kikiganda kwenye 113.5 miaka yote iliyobaki, jumla ni 898.5 na Kaprizov ni asilimia 15.1. Hata hapo anakuwa sawa na mwanzo wa Matthews.

Mwanamaji
Toronto hawakuangushwa na korona peke yake. Florida walipita korona ileile na wana makombe mawili mfululizo, 2024 na 2025. Kiangazi cha 2025 wakawabakiza Bennett kwa 8, Ekblad kwa 6.1 na Marchand kwa 5.25, wote bei ya kutupa. Hakuna kodi ya jimbo kule. Mpaka kikomo kirekebishwe kwa kodi, asilimia zenu hazina maana.

Nyota ya Edmonton
Hapo umenena. Alberta, jimbo la Edmonton, mtu wa kipato hicho anakatwa asilimia 48 kwenye kila dola ya juu, Ontario, jimbo la Toronto, zaidi ya 53. Tunashindana na watu waliotangulia mbele.

Mama Rukia
Wanangu, punguzeni kasi. Kodi ya jimbo sifuri si sifuri kwa msimu mzima. Majimbo mengi hutoza mchezaji mgeni kwa siku za kazi alizofanya ndani ya jimbo, mazoezi na vikao vikiwemo. Mchezaji wa Florida akienda kucheza Los Angeles, Anaheim na San Jose, California inachukua fungu lake, na kiwango chao cha juu hakina huruma. Kwa hiyo faida ipo kwa siku za nyumbani hasa. Pili, kodi ya serikali kuu ya Marekani iko palepale Miami kama ilivyo Minnesota. Tatu, bonasi ya kusaini haihesabiwi siku za kazi kama mshahara. Kwa kawaida hutozwa na jimbo analoishi. Mchezaji wa Florida mwenye bonasi kubwa ndiye anayefaidi kweli. Mwenye mshahara mtupu anafaidi kidogo kuliko mnavyosema.

Na Minnesota kiwango cha juu cha jimbo ni 9.85. Kaprizov alikubali kubaki huko. Sehemu ya hiyo 17 ni fidia ya kodi, iwekeni kwenye hesabu zenu.

Shomari wa Kaskazini
Asante, Mama. Sasa nani atamwambia Mwanamaji kwamba Florida hao hao walikaa miaka chungu nzima bila kodi ya jimbo na bila kombe? Kodi ilikuwepo sifuri tangu wanaanza 1993.

Mwanamaji
Sijasema kodi pekee. Usinilishe maneno.

Kipanga
Mnamjadili Florida wakati jibu la Minnesota liko Minnesota. Mwaka 2012 waliwapa wachezaji wawili, Parise na Suter, miaka 13 kila mmoja, milioni 98 kila mmoja. Mwaka 2021 wakavunja mikataba yote miwili kwa malipo. Adhabu, yaani fedha iliyoendelea kuhesabiwa kwenye kikomo chao, ilikuwa milioni 4.7 mwaka wa kwanza, 12.7 wa pili, kisha 14.7 kwa misimu miwili, 2023-24 na 2024-25. Gawanya 14.7 kwa 83.5, kikomo cha 2023-24: asilimia 17.6. Timu hii ilikuwa inalipa watu wawili wasiovaa jezi yake sehemu kubwa ya kikomo kuliko itakayomlipa Kaprizov, na msimu wa 2024-25 bado iliingia mtoano. Kwa hiyo wanaosema 16.3 haibebeki, wakati wa 17.6 walikuwa wapi?

Mwanamaji
Hapo unanisaidia mimi, Kipanga. Minnesota wameungua kwa miaka mirefu, na wamerudi kuleta miaka mirefu. Bei sigombani nayo sana. Mimi nagomba na UREFU. Mkataba unaanza akiwa na miaka 29, unaisha akiwa na 37. Msimu wa 2024-25 alicheza mechi 41 kati ya 82. Ndiyo, alipata pointi 56 (magoli na pasi za magoli) ndani ya hizo 41, lakini nusu ya msimu hayupo.

Nyota ya Edmonton
Mwanzo ulisema tamaa, sasa ni umri.

Fundi Hesabu
Mwache, kwenye umri yuko sahihi, na kuna kitu hakijaguswa. Kuvunja mkataba kwa malipo kunapunguza mshahara tu: mchezaji wa miaka 26 na kuendelea analipwa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ikisambazwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Bonasi ya kusaini haiguswi. Inalipwa yote, na inabaki kwenye kikomo. Mkataba wa Kaprizov umejaa bonasi za kusaini. Kwa maana hiyo, akishuka kiwango akiwa na miaka 34, ule mlango waliotokea Parise na Suter kwake umefungwa. Watakachobaki nacho ni kumuuza huku wakibeba hadi nusu ya mshahara wake, na kila timu inaruhusiwa kubeba mikataba ya namna hiyo mitatu tu kwa wakati mmoja. Nusu ya 17 ni 8.5. Kwa kikomo cha 135 hiyo ni asilimia 6.3, na mnunuzi naye lazima apatikane.

Shomari wa Kaskazini
Na bonasi hulipwa Julai mosi. Atakayemnunua Julai pili anamkuta sehemu kubwa ya fedha ya mwaka huo imeshalipwa na Minnesota. Timu yenye nafasi kwenye kikomo lakini isiyopenda kutoa fedha taslimu itampokea kwa furaha. Zipo kila mwaka.

Mwanamaji
Taja moja itakayomtaka mwenye miaka 35.